Usukani na Kinachogusa Ardhi: Istilahi za Uelekezaji wa Vyombo vya Usafiri kwa Mfano wa Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna chombo cha usafiri kinavyoelekezwa, na namna Kiswahili kinavyoweza kulieleza jambo hilo bila kulipotosha. Hoja kuu ni kwamba lugha ya mafunzo na ya gereji hukusanya mambo manne tofauti chini ya neno moja, "usukani", ilhali mengi kati ya hayo huamuliwa na sehemu ya chombo inayogusa ardhi. Mfano wa kwanza ni pikipiki ya theluji, chombo kisichotumika Afrika Mashariki, ambacho kimeteuliwa kwa sababu kinaitenganisha kazi ya mkono na kazi ya ardhi kwa uwazi kuliko chombo kingine chochote. Mfano wa pili ni pikipiki ya abiria katika Wilaya ya Rusizi, Rwanda. Istilahi nne zinapendekezwa, na nafasi yake katika sera ya lugha inajadiliwa.

Utangulizi

Wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita kwa jina la zamani la Cyangugu, iko kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, mahali Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika Mto Rusizi kuelekea Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Bukavu. Kusini zaidi, bonde la Bugarama linapakana na Kongo na Burundi kwa pamoja. Barabara inayoingia wilayani kutoka Huye hupita katika msitu wa Nyungwe, wenye mvua nyingi na kona zisizohesabika; ile inayotoka Kamembe kwenda Bugarama hushuka mamia ya mita kabla ya kufika kwenye mashamba ya mpunga. Nje ya lami kuna njia za udongo mwekundu ambazo mvua ikinyesha huwa kama sabuni.

Katika mazingira haya pikipiki ndiyo gari la wengi. Dereva wake huitwa motari, na kazi yake humkutanisha kila siku na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili cha pande mbalimbali. Msamiati wake ni ushahidi wa mkutano huo. Breki ya Mtanzania ni feri kwa Mnyarwanda, kutoka Kifaransa. Tairi ni ipine, pia kutoka Kifaransa. Kona ni ikorosi. Utofauti wa aina hii haumsumbui mtu yeyote kwa muda mrefu, kwa kuwa kila upande una jina la kitu kilekile, na kitu chenyewe kinaonekana kwa macho. Fundi akisikia feri huku akiwa amezoea breki, ataonyeshwa kwa kidole na mazungumzo yataendelea.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye mambo yasiyoonyesheka kwa kidole. Motari akimwambia fundi kwamba "usukani hauko sawa", sentensi hiyo inaweza kubeba maana tano au sita, na kila maana ina dawa yake. Huenda pikipiki inakwenda mbele ilhali imeambiwa ikate kona. Huenda inakata kona vizuri lakini inayumba katika mstari ulionyooka. Huenda mikono inachoka. Huenda gurudumu la mbele linateleza. Fundi asiyeuliza zaidi atakaza nati za usukani, atapokea malipo, na chombo kitarudi Nyungwe na ubovu wake uleule.

Chombo kinapotii

Ili kuona ni kwa nini neno moja halitoshi, inafaa kwanza kutazama chombo ambacho msomaji hana mazoea nacho, kwa sababu mazoea huficha. Pikipiki ya theluji hutumika katika nchi za baridi kali kama Kanada, Marekani ya kaskazini na Skandinavia. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka na kuisukuma. Mbele haina gurudumu bali ina skii mbili, yaani mbao ndefu za plastiki au chuma zilizokunjwa ncha kuelekea juu. Mwendeshaji hushika usukani unaofanana kabisa na wa pikipiki ya kawaida. Rwanda haina chombo hiki wala haja nacho, hata kama kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507, huonekana cheupe siku baadhi.

Usukani ukigeuzwa, skii hugeuka. Hapo kazi ya mkono imekwisha, lakini chombo bado hakijakata kona. Ubao laini uliogeuzwa juu ya theluji ngumu unaweza kabisa kuendelea kuteleza kule ulikokuwa ukielekea, ukiwa umekaa upande. Kinachokifanya chombo kifuate ni upapi mwembamba wa chuma uliofungwa chini ya skii kwa urefu, ambao mara nyingi hutiwa kipande cha kabidi, madini magumu yasiyolika upesi. Upapi huu huzama katika theluji au barafu na kuzuia skii isiteleze kwa ubavu. Kazi yake ni ileile ya mkuku wa jahazi: haukisukumi chombo wala haukigeuzi, bali unakizuia kisiende upande usiotakiwa.

Upapi ukilika, mwendeshaji hugeuza usukani na chombo husonga mbele tu. Anayekitazama atasema usukani umeharibika, ilhali usukani ni mzima na kilichokufa ni kipande cha chuma cha bei nafuu chini kabisa. Ndiyo maana wanaotaka kuboresha uelekezaji wa chombo hiki huanza chini: hubadilisha upapi, huweka wenye kabidi ndefu zaidi kwa njia ya barafu, au hufunga skii pana zenye mkuku wa kina kwa theluji laini, ambako tatizo ni kuzama.

Hata hivyo, kila uboreshaji una gharama yake, na hili ndilo jambo ambalo neno moja haliwezi kulibeba. Upapi unaouma sana huufanya usukani uwe mzito na mikono ichoke. Mbele ikishika kuliko nyuma, kona hukatwa kwa ghafla na mkia wa chombo hufyatuka nje. Kwa hiyo anayeongeza meno mbele hulazimika kuongeza njumu kwenye mkanda wa nyuma. Tena upapi mmoja wenye makali hupenda kuingia katika mifereji iliyochongwa na vyombo vilivyotangulia, na chombo kikaanza kurukaruka kushoto na kulia bila amri ya mwendeshaji. Dawa mojawapo ni kuweka papi mbili sambamba chini ya kila skii, ili mmoja usipate mfereji wa kuufuata peke yake. Nyingine ni kukagua kama skii zimenyooka, maana zikielekea pande tofauti chombo hakitatulia hata kikiwa na papi mpya.

Mambo manne yamejitokeza hapa: kama chombo kinaitikia amri, kama kinashika kinachokanyagwa, kama kinatulia kisipoamriwa, na ni nguvu kiasi gani mkono unahitaji. Yanahusiana, lakini moja linaweza kuongezeka huku jingine likipungua. Anayeyaita yote "usukani" hawezi hata kuuliza swali sahihi.

Pikipiki ya Rusizi

Pikipiki ya abiria ina magurudumu badala ya skii, lakini mpangilio wa mambo ni uleule. Kila tairi hugusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Viganja hivyo viwili ndivyo vinavyombeba dereva, abiria na mzigo katika kila kona.

Kuna jambo la ziada ambalo chombo cha magurudumu mawili kimelificha vizuri. Katika mwendo wa polepole sana, kugeuza usukani kulia kunakipeleka chombo kulia. Mwendo ukiongezeka, chombo hugeuka kwa kulala, na ili kilale kulia, mkono wa kulia huusukuma usukani mbele kidogo, yaani gurudumu huelekezwa kushoto kwa kitambo kifupi. Kila dereva mzoefu hufanya hivyo, na wengi hawajui kwamba wanafanya. Kiswahili cha madereva kinasema kweli kinapotumia kitenzi "kulaza pikipiki". Maelekezo ya aina ya "geuza usukani upande unaotaka kwenda" husema uongo kwa mwendo wowote wa barabarani. Ni ajabu kidogo kwamba lugha ya kijiweni imeishinda lugha ya darasa katika jambo la kifizikia.

Pikipiki inayolala inahitaji tairi la mviringo. Tairi la nyuma linaloendeshwa kwa muda mrefu likiwa na mzigo hulika katikati na kuwa bapa, likabaki na kingo mbili. Chombo chenye tairi hilo hukataa kulala mwanzoni mwa kona, kisha kikipita ukingo hulala ghafla kuliko dereva alivyotaka. Kwa dereva huu ni ubovu wa usukani. Kwa hakika ni ubovu wa tairi, tena la nyuma, mahali ambapo hakuna anayetazama anapolalamikia usukani.

Upepo mdogo katika tairi la mbele hulifanya zito na lisiitikie upesi. Gololi zilizomo katika shingo ya usukani zikilika huchimba vishimo, hasa katikati, kwa sababu ndiko usukani unakokaa muda mwingi. Matokeo yake usukani hunasa kila unapopita katikati, na pikipiki hutangatanga katika mstari ulionyooka kwa sababu dereva hawezi kuifanyia marekebisho madogo. Zikilegea, usukani hucheza, na kila breki ya mbele inapokamatwa kuna mgongano unaosikika mikononi. Ukaguzi ni mwepesi: gurudumu la mbele huinuliwa, usukani huzungushwa polepole toka upande mmoja hadi mwingine, kisha miguu ya shokapu huvutwa na kusukumwa. Kunasa na kucheza ni ishara mbili za matatizo mawili, na ni vyema lugha isizichanganye.

Kuna pia suala la mzigo. Rusizi ni wilaya ya mpaka, na bidhaa ziendazo na zitokazo Bukavu hupita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki hadi karibu na vivuko. Gunia linalofungwa nyuma ya mhimili wa gurudumu la nyuma huinua uzito kutoka gurudumu la mbele. Usukani huwa mwepesi mno. Hapa Kiswahili kinamtega msemaji wake, kwa kuwa "mwepesi" ni sifa njema: kijana mwepesi, kazi nyepesi, usukani mwepesi. Dereva anayeshuka kuelekea Bugarama akiwa na gunia nyuma anaweza kuufurahia wepesi ambao maana yake halisi ni kwamba gurudumu la mbele limebaki na uzito mdogo wa kushikia barabara. Vivyo hivyo "mzito" si lazima iwe lawama, kwani uzito wa wastani huwa ni barabara inayozungumza na mkono.

Sababu ya hayo iko katika umbo la pikipiki yenyewe. Mhimili wa usukani umeinama nyuma, na mstari wake ukirefushwa hadi chini hukutana na ardhi mbele ya mahali tairi linapogusa. Kwa hiyo tairi huburutwa nyuma ya mstari huo kama gurudumu dogo la kitanda cha hospitali linavyojipanga lenyewe kinaposukumwa. Umbali huo, unaoweza kuitwa mburuto, ndio unaokirudisha chombo katika mstari wake. Skii za pikipiki ya theluji nazo zimefungwa kwa mwinamo wa namna hiyohiyo. Anayebadilisha shokapu kwa refu au fupi zaidi, au kufunga tairi pana kwa ajili ya kupendeza, hugusa umbali huo bila kukusudia. Tairi pana kuliko rimu yake hubadilika umbo na mara nyingi hukifanya chombo kiwe kizito kulala.

Mafundi wa eneo la Kivu wana mfano mwingine wa kanuni hii, nao ni chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mamia ya kilo mjini Goma na vijiji vyake. Gurudumu la mbao tupu lingeteleza kwenye mawe ya volkano na kupasuka upesi. Hivyo huvishwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu, na ukanda huo ndio unaobadilishwa unapolika. Mchonga chukudu hana istilahi ya chuo kwa anachokifanya, lakini anajua kwamba uelekezaji huanzia kwenye kiatu.

Istilahi nne

Kiswahili hakianzi sifuri. Neno "usukani", lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la jahazi kabla ya kuwa la gari, na msamiati wa mabaharia uliolizunguka ulikuwa na mgawanyo wa kazi ulio wazi: usukani ndani ya maji, kana mkononi mwa anayeuongoza, mkuku chini ya chombo. Lilipohamia barabarani, neno "usukani" lilikuja peke yake na likavimba: likawa kifaa kinachoshikwa, likawa na tabia ya chombo kizima. Jamaa zake walibaki pwani. Makala haya yanapendekeza "usukani" lirudishwe kwenye kifaa kinachoshikwa na mikono pamoja na viungo vyake, na tabia za chombo zipewe majina yake.

La kwanza ni mshiko wa njia, kwa uwezo wa tairi, skii au ukanda kukamata kinachokanyagwa. Neno "msuguano" tayari ni istilahi ya fizikia na linafaa kubaki huko, kwa kuwa linataja kani, wala halitaji uhusiano wa chombo na barabara. Pingamizi moja ni kwamba "mshiko" katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania ni pesa. Pingamizi hilo halina uzito mkubwa. "Wa njia" linatosha kuondoa utata, na mwanafunzi atakayecheka hatalisahau neno. Kirai "kushika njia", kwa upande mwingine, kiepukwe, maana kimekwisha kuwa na maana ya kuondoka.

La pili ni usikivu wa usukani, kwa namna chombo kinavyoitikia amri. "Utiifu" lingefaa pia, lakini lina harufu ya maadili. Katika Kiswahili mtoto asiyesikia ni mtoto asiyefuata anachoambiwa, na Kinyarwanda kina kitenzi "kumva" kinachobeba kusikia, kuhisi na kuelewa, na kutokana nacho hupatikana "kumvira", kutii. Msikilizaji wa Kamembe hatahitaji kufafanuliwa.

La tatu ni utulivu wa mwendo, kwa tabia ya chombo kubaki katika mstari wake kisipoamriwa. Kinyume chake kipo tayari katika kusema kwamba chombo kinakwenda mrama, usemi wa baharini ambao umma umeutwaa kwa mambo ya maisha na ambao hauna sababu ya kukatazwa kurudi kwenye vyombo. La nne ni uzito wa usukani, likitumiwa kama kipimo tu, bila hukumu ya wema au ubaya. Hili ndilo litakalokuwa gumu kulizoesha, kwa sababu linapingana na mazoea ya lugha yaliyoelezwa hapo juu.

Kwa istilahi hizo, malalamiko ya motari hugawanyika. Tairi bapa la nyuma ni upungufu wa usikivu unaofuatwa na usikivu uliopita kiasi. Gololi zenye vishimo ni upungufu wa utulivu. Gunia lililofungwa nyuma hupunguza mshiko wa mbele na uzito kwa pamoja. Udongo wa mvua hupunguza mshiko peke yake, na hakuna kazi yoyote ya spana itakayosaidia isipokuwa tairi lenye meno ya kufaa na mwendo mdogo.

Nafasi ya istilahi katika sera

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tangu hapo mpaka wa Rusizi umekuwa mpaka kati ya nchi wanachama, na pikipiki, vipuri na mafundi wanaouvuka wamekuwa suala la Jumuiya. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina jukumu la kuratibu uendelezaji wa lugha. BAKITA ina uzoefu wa usanifishaji tangu 1967. Kazi nyingi ya istilahi, hata hivyo, imeelekezwa kwenye bunge, mahakama, sayansi ya darasani na teknolojia ya habari. Gereji haijapata wajumbe wake, ingawa ni mahali ambapo neno lisilo sahihi linaweza kumvunja mtu mguu.

Washauri wa sera watauliza kama inafaa kusanifisha pia majina ya vipuri. Jibu la makala haya ni hapana, angalau kwa sasa. Feri na breki, ipine na tairi ziorodheshwe bega kwa bega katika faharasa, na motari asilazimishwe kuitwa bodaboda. Nguvu ichukuliwe kwenye majina ya tabia, ambako hakuna neno la wenyeji la kuliondoa na ambako faida ya kuelewana ni kubwa zaidi. Vyuo vya ufundi na shule za udereva za pande zote mbili za mto ndivyo vinavyofaa kujaribu istilahi hizi kwanza, katika orodha za ukaguzi zinazoanza chini na kupanda juu: tairi la mbele, tairi la nyuma, upepo, mzigo, shokapu, gololi, na mwisho usukani wenyewe. Mpangilio huo peke yake utabadilisha maswali ya fundi hata kabla istilahi hazijazoeleka.

Wakati unaofaa ni huu. Pikipiki za umeme, ambazo kampuni kama Ampersand imeziingiza Kigali pamoja na vituo vya kubadilishia betri, zinabeba uzito wake mahali tofauti na zile za petroli, na vitabu vyake vya maelekezo bado vinaandikwa na kutafsiriwa. Mtafsiri atakayekutana na sura inayohusu tabia ya chombo katika kona atahitaji maneno manne, na bila hayo ataandika "usukani" mara nne.